Jasmine na Banda la Gemu la Lyamkena

Jumatatu, 5 Mei 2025
Jasmine hakuja tena kipindi changu cha hesabu. Mara ya sita tangu Pasaka. Wenzake wa kidato cha pili wanasema yuko banda la gemu, Lyamkena — anawafunga hata wavulana wa kidato cha nne. Mkuu wa shule, Mwalimu Laurenti, anataka viboko na barua kwa mzazi. Nimemwomba azuie vyote hadi mtihani wa tarehe 16. Akauliza, kwani utafanya nini? 

Jumatano, 7 Mei
Nimekwenda bandani mwenyewe baada ya kazi. Waliponiona, wakasimamisha gemu. Jasmine akanyanyuka atoke. Nikamwambia kaa, nifundishe. Kanifunga saba bila. Hata kitufe cha kupigia shuti sikukijua. Lakini alinieleza kitu: kipa wa kwenye gemu huruka kulia mara tatu katika kila penalti nne. Amehesabu! Huyu aliyepata nane kwa mia mwezi wa tatu. Nikamwomba aniandikie.
"Madam, hiyo siyo hesabu. Ni mpira."

Jumatatu, 12 Mei
Kaleta kurasa nne. Penalti mia moja na ishirini kwenye jedwali, na grafu juu. Nikafungua kitabu, nikamwonyesha mada ya takwimu — kitu kile kile. Akaangalia kama mtu aliyedanganywa siku nyingi. Kipindi chote alikaa. Mwenzake wa darasani, Anold, naye anauliza kama aandike za kwake.

Alhamisi, 15 Mei
Mambo yameharibika. Mtu kamwambia baba yake Jasmine, Mzee Obed, kwamba Mwalimu Tabea, yaani mimi, anacheza gemu na binti yake. Mzee wa kanisa, mtu mpole. Leo ofisini hata salamu yangu ya kamwene hakuitikia. Alisema alidhani mtoto yuko shuleni, kumbe shule yenyewe imehamia bandani. Kesho anamchukua, anampeleka Ipelele kwa shangazi yake akalime viazi. Nilitaka kuzitaja zile kurasa. Nikaziacha drooni. Kwa sababu ana haki — barua niliizuia mimi.

Ijumaa, 16 Mei. Darasani
Naandika huku nasimamia mtihani. Mzee Obed alifika saa tatu na nusu, begi la nguo za Jasmine mkononi. Nikatoka, nikafunga mlango nyuma yangu. Nikamwambia nilikosea, nilipaswa kuja kwako kwanza. Unilaumu mimi. Ila mwache amalize.
"Unaisha saa ngapi?"
Saa tano.
"Gari letu linaondoka saa nne na nusu, Mwalimu."
 Akaenda kusimama dirishani, upande wa Jasmine. Jasmine kamwona. Akakata mstari mzima. Akainama tena.

Saa nne na dakika arobaini. Mzee bado yupo. Begi kaliweka chini. Uso haunielezi kitu.
Jasmine kanyoosha mkono. Karatasi imejaa, anaomba nyingine.