Nimewakataza wazinzi kutumia programu yangu, sasa ghala linaikataa

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie kwa moyo wako wote, maana nimesali juu ya jambo hili wiki tatu na jibu ninalolipata silipendi. Mimi ni fundi simu, mtu mzima mwenye watoto wanne, shule niliiacha mapema lakini mambo ya simu nimejifundisha mwenyewe mezani, na kwa miaka miwili nimetengeneza programu ya kufunga faili, yaani picha au barua ikishafungwa nayo hata aliyeiba simu haoni kitu bila neno la siri, na kufuli lenyewe sikulibuni mimi, nimetumia lile ambalo wataalamu wamelipima miaka mingi, mimi nimejenga mlango tu, kwa hiyo usinihesabie majivuno.

Sasa watu wanaogopa kuwekewa programu na fundi, wanasema fundi atachungulia, na wana haki, ndiyo maana nikaipeleka kwenye ghala la programu huru, lile ambalo watu wa kujitolea wanasoma msimbo wako, yaani maandishi yanayoiendesha programu, mstari kwa mstari, na wakiridhika wanaiweka pale kila mtu aichukue bure. Mhakiki mmoja akaisoma yote, akaisifu, nikafurahi hadi nikakosa hamu ya kula, halafu akafika kwenye leseni, yale masharti ya kuitumia, kipengele cha saba, nilichokiandika kwa mkono wangu nikitoka kwenye ibada: “Haruhusiwi kuitumia mzinzi, mcheza kamari, mlevi, wala mtu yeyote anayemficha mwenzi wake wa ndoa jambo lolote.”

Akaniandikia, “Ndugu, hiki hakipiti. Programu huru ni huru kwa kila mtu na kwa kazi yoyote.”

Nikamjibu, “Hata mzinzi?”

“Hata mzinzi.”

“Hata mlevi?”

“Hata mlevi, ndugu yangu. Kuna Ijumaa ambazo hata mimi ningekataliwa.”

Tena akaongeza kwamba lile swali linalotokea kabla ya faili kufungwa, “Unachokificha, je, Mungu hakijui?”, kisheria halina ubaya, ila linatokea mara tatu na limemtia hofu. Amenipa hadi mwisho wa mwezi, nisipokitoa kipengele, ombi langu linatupwa.

Mshauri, nikikitoa si nitakuwa nimewakabidhi wakosaji ufunguo? Siku ile ile alikuja kibandani mama mmoja, amevaa miwani ya jua humo ndani kivulini, nikadhani ni maringo, akauliza kwa sauti ya chini kama programu yangu inaweza kufunga picha zisionekane kabisa. Nikamuuliza, “Mumeo anajua?” Akasema, “Hajui, na asijue.” Nikamwambia kwa upole, dada yangu, ndoa haina siri, nenda ukazungumze naye. Akauliza kama inapatikana pengine, nikamwambia labda ghalani, ikikubaliwa, akasema, “Basi nitakuwa naangalia huko,” akaondoka bila hata kuaga, nami nikajiona nimeokoa nyumba ya watu.

Kuna jambo jingine dogo, naliandika kwa kuwa hunijui sura. Mtu wa kwanza kuitumia programu hii ni mimi, nina picha thelathini na moja za utosi wangu, maana kichwa kimeanza kuwa wazi katikati na nimenunua mafuta ya kuotesha nywele, basi kila Jumamosi najifungia bafuni napiga picha nione kama kuna maendeleo, na mpaka sasa zote zinafanana. Mke wangu amesikia kamera ikilia, akaniuliza, “Baba watoto, una nani humo?” Nikasema ni kazi. “Kazi ya bafuni?” Tangu hapo simu yangu anaitazama kama mke mwenzake. Uongo ule nimeutubu, lakini neno la siri sijampa.

Niambie, kipengele kibaki au kitoke?

Ni mimi, Fundi Mwenye Kofia.

*

Fundi Mwenye Kofia,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka. Pole kwa utosi. Sasa kisome tena kipengele chako cha saba, taratibu, mpaka mwisho. “Anayemficha mwenzi wake wa ndoa jambo lolote.” Kwa leseni uliyoiandika mwenyewe, mtu wa kwanza aliyekatazwa kutumia programu yako ni wewe, na umeivunja mara thelathini na moja.

Hofu yako naielewa, hutaki kubeba dhambi za watu. Lakini umefufua simu ngapi hapo mezani? Ulimuuliza mteja gani atampigia nani? Uliwarudishia, wakaondoka, ukalala usingizi wako. Kufuli ni vivyo hivyo. Halafu ni mzinzi gani umewahi kumwona akisoma leseni hadi kipengele cha saba? Kazi ya kuhukumu mwachie Yule anayeona ndani ya faili bila neno la siri.

Sasa niache utani. Yule mama wa miwani. Anavaa miwani ya jua kivulini, anaongea chini chini, ana picha ambazo mume asizione. Sijui ni picha za nini, nawe hujui, lakini wanawake wanaoniandikia wakiwa katika hali hiyo, wengi wao hupiga picha za majeraha yao ili siku ya kwenda kushtaki wawe na ushahidi, na mume akiziona kabla, hawafiki huko. Wewe ukamwambia nenda ukazungumze naye. Ulimrudisha, fundi.

Usimtafute kwake, wala usimuulizie mtaani, utamwongezea balaa. Alikuambia ataangalia ghalani. Basi yuko huko anangoja, na kinachomzuia ni mistari miwili ya mkono wako.

Leo, kabla hujafungua kibanda, kifute kipengele cha saba, umwandikie mhakiki na umshukuru kwa uvumilivu. Lile swali la Mungu liondoe pia. Anayefunga picha ya mdomo uliopasuka anajua kwamba Mungu anajua, hahitaji kuulizwa na simu, tena mara tatu. Mahali pake eleza namna ya kuchagua neno la siri gumu. Na mama yule akirudi, mwonyeshe jinsi ya kuichukua mwenyewe kutoka ghalani, na ukishikwa na hamu ya kuuliza kitu, uliza kama simu ina chaji.

Ukitoka kazini, mkalishe mama watoto, vua kofia, fungua faili, mwonyeshe zote thelathini na moja. Atacheka mpaka majirani wasikie. Mwache acheke, mtu aliyedhani una mwanamke bafuni akakuta ni utosi ana haki ya kicheko kirefu. Halafu mpe hayo mafuta akupake yeye, huko nyuma wewe huoni.