Mama, Hukuwa Bubu

Mpendwa Mama,

Nakuandikia hadharani kwa sababu kosa nililokukosea lilitendeka mbele za watu.

Unaikumbuka siku walipokuja hapa Ibra, Omani, kumposa mjukuu wako, binti yangu Raiya? Ulikuwa jikoni, unapanga vileja sahanini. Nikakwambia, "Mama, leo usiseme kitu."

"Hata salamu?"

"Hata salamu. Kiarabu chako kina Unguja ndani yake. Watatuita Wazinjibari, si Waarabu halisi, na posa itavunjika."

Ukacheka. "Basi nikajifiche chooni?"

Hukujificha. Ulikaa kati yetu, umejitanda vizuri, na Bi Thuraya, mamake kijana, akakusalimu mara tatu. Ulimshika mkono, ukatabasamu. Akanigeukia mimi. "Masikini, hasemi?"

"Hasemi."

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa."

Uongo wa kwanza niliusema kwa hofu. Wa pili hakuna aliyenilazimisha. Niliuongeza kwa sababu mtu makini hufunga kila mlango.

Walipoondoka ulisema, "Ulimi huo uliowadanganyia nimekufunza mimi. Ahsante, mwanangu." Ukaenda kuosha vikombe vya kahawa.

Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya wanafunzi wangu chuoni Nizwa, nikawasomesha habari za Hawaii: watoto walioadhibiwa shuleni kwa kusema lugha ya bibi zao, na ile lugha chotara ya vibarua wa mashamba ya miwa, ambayo wakubwa waliiita mbovu ilhali kina mama walikuwa wakiwabembeleza watoto kwa lugha hiyo. Nikasema kwamba anayemnyima mtu lugha ya nyumbani kwake amemdhulumu haki yake. Wanafunzi waliandika. Katika hotuba ile sikukosea hata sentensi moja.

Wewe uliishika ahadi ambayo hukuitoa. Kwa miaka sita, kila Idi walipokuja, ulikaa kimya. Kwenye harusi ya Raiya hukupiga kigelegele. Wageni wakishatoka ulikuwa ukinyoosha kikombe na kuniambia, "Bubu anaomba chai," nami nilikasirika, kana kwamba wewe ndiye uliyenivunjia heshima.

Katika msiba wako Bi Thuraya alinishika mkono. "Mungu amrehemu. Amekwenda bila dhambi ya ulimi."

Nikajibu, "Amina."

Sasa Raiya ana mtoto wa kiume. Amekaribia miaka mitatu na hajatamka neno. Mwezi uliopita daktari aliuliza kama katika ukoo kuna aliyekuwa hasemi. Bi Thuraya akawahi kujibu: "Bibi yake Raiya. Bubu wa kuzaliwa." Daktari akaandika. Raiya, uliyemlea kwa hadithi zako za Kiswahili, alinitazama na kusubiri. Mimi nikafungua mkoba, nikawa natafuta miwani ambayo nilikuwa nimeivaa.

Tulipobaki wawili aliniambia, "Mama, mwambie Bi Thuraya ukweli."

"Ataniuliza kwa nini nilidanganya."

"Bibi alinyamaza kwa ajili yangu. Wewe unanyamaza kwa ajili ya nani?"

Tangu siku hiyo ukweli umezidi kuwa ghali. Bi Thuraya anamhimiza mwanawe aoe mke wa pili, wa ukoo usio na ububu. Raiya haniombi tena. Hanipigii hata simu.

Kwa hiyo barua hii nimeiandika mara mbili: kwa Kiswahili, kwa ajili yako, na kwa Kiarabu, kwa ajili yao. Ile ya Kiarabu imefika Birkat al Mauz, nyumbani kwa Bi Thuraya, leo asubuhi. Huenda ikaiokoa ndoa ya Raiya. Huenda pia ikaivunja, maana watu waliodanganywa katika posa wana haki ya kuuliza walidanganywa mangapi mengine. Lakini watajua kwamba katika ukoo wetu hapakuwa na bubu, na kwamba kama mtoto yule ana la kuogopa kurithi, aliogope kutoka kwangu.

Sikuombi radhi. Radhi huombwa kwa mzazi anayeweza kuikataa, na wewe nilikunyang'anya kauli ungali hai. Lala, Mama, kwa lugha yako.

Bintiyo, uliyemfunza kusema