Benchi la Odoch

Mpendwa mshauri wa gazeti huko Nairobi, naomba msaada kwa sababu hapa Kampala sina wa kumwambia. Mimi ni mchoraji wa majengo, na nimeamriwa nichore uwanja wa umma wa kumuenzi Odoch, mwandishi wa vitabu, rafiki yangu tangu shule ya Old Kampala, ambaye askari walimtoa nyumbani kwake kisha radio ikatangaza eti amekimbilia ng'ambo, na mkewe Akullo akaishika habari hiyo kwa mikono miwili, hata wazee wa kwao Odoch walipotaka kuzika tunda la yago badala ya mwili, kama wafanyavyo maiti isipopatikana, aliwafukuza. Sasa wageni wa mkutano mkubwa wanakuja na serikali inataka waone tunavyopenda waandishi, basi nikamuuliza afande anayesimamia kazi hii niandike nini kwenye jiwe la katikati, naye akanijibu huku anakula karanga, "Andika alikufa ile siku tulimuchukua. Ajali ya gari." Nilirudi nyumbani nikalia, na Akullo akaja amefurahi, maana amesikia habari za uwanja, anasema wakimheshimu hivi watamruhusu arudi, akaniomba, "Shemeji, muwekee benchi penye kivuli, akirudi apate pa kuandikia," nami mwoga nikalichora mbele yake. Nikimwambia, kilio chake kitawafikia askari. Nisipomwambia, atalisoma jiwe mbele za watu. Nifanye nini?

Fadhul


Bwana Fadhul,

Barua hii siichapishi. Umetaja majina kama unaandika mwaliko wa harusi. Majibu anakuletea mwenye lori yuleyule aliyeileta barua yako.

Pole sana. Nimesoma nikalia, na bado nimekukasirikia. Mwanamke anamchagulia kivuli mtu aliyekwisha kufa, nawe unashika penseli? Habari hiyo ni yake, si yako ya kuificha.

Mpeleke kijijini kwao Odoch, singizia ugonjwa wa mama mkwe wake au lolote. Mwambie huko, mbele ya wazee, alie anavyotaka. Mlizike lile tunda. Kisha urudi umalize mchoro. Kukataa usikatae, watakuua na kumleta mwingine. Tarehe iandike kama alivyosema afande, ichongwe ndani sana. Wenyewe walitangaza amekimbia. Jiwe lao litasema kwamba siku ileile waliyomchukua alikuwa maiti mikononi mwao. Sidhani kama yeyote ataulizwa, si katika maisha yangu. Iandike hivyo hivyo.

Na benchi usilifute. Akullo atahitaji pa kukaa.