Moto wa Nkambo Mwadi

Jette, Brussels, 9 Machi 1995

Papa mpendwa,

Ninakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba barua hii inakukuta mzima huko Kabalo na kwamba ile homa ya Januari imekuacha. Sisi hapa tuko salama. Maman bado anahudumia wagonjwa hospitalini, mimi ninasoma kwa bidii, na Nkambo Mwadi, mama yako, anakula vizuri, ingawa anasema bukari ya unga wa huku haina nguvu.

Papa, najua Maman amekuandikia kuhusu sufuria iliyoungua, akakuomba ukubali Nkambo apelekwe kwenye nyumba ya wazee kule Uccle. Tafadhali usimjibu kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Maman anaona akili ya Nkambo imechoka. Anasema mtu mwenye akili zake hasimami dirishani kutwa nzima akinong'ona saa. Mimi pia niliamini hivyo, mpaka nilipomwuliza anahesabu nini. Alinicheka. Akasema, "Weye mutoto ya reli ya namna gani? Treni inapita hapa chini na hauijui?" Yeye alikuwa anazijua zote. Niliandika saa zake kwa juma zima, kisha nikaenda stesheni kuzilinganisha na ratiba ya ukutani. Alikosea siku moja tu, na siku hiyo madereva walikuwa wamegoma. Nilipomweleza, alisema basi waliokosea ni wao.

Tangu hapo, kila nikitoka shule ninakaa naye ananisimulia. Sijui kama wewe mwenyewe uliyasikia yote. Aliolewa na Nkambo Numbi, baba yako, akiwa na miaka kumi na sita, wakati mumewe bado anatia kuni kwenye injini. Alizaa watoto kumi na mmoja, akazika wanne. Walihamishwa kambi za wafanyakazi wa reli mara saba, na kila mara alijenga jiko kabla ya kufungua mizigo. Mumewe alipopewa treni ya kuendesha, alikuwa na namna yake ya kupiga filimbi akifika darajani: mbili fupi, moja ndefu. Kila mke kambini aliijua filimbi ya mume wake. Nkambo akiisikia yake, aliweka maji ya bukari motoni. Mumewe akimaliza kunawa masizi, chakula kiko mezani. Kwa miaka thelathini na minne hakumpa chakula kilichopoa.

Wakati wa vita, treni hiyo haikurudi kwa siku kumi na moja. Wanawake wengine walikwisha kuanza kumlilia. Nkambo alipika kila jioni saa ileile, na giza likiingia aliwapelekea chakula hicho wasafiri waliokwama stesheni. Siku ya kumi na mbili mumewe alikuja kwa miguu, akifuata reli, akakuta sufuria iko motoni. Nilimwuliza alijuaje kwamba yu hai. Alijibu kwamba hakujua, alipika tu. Papa, siku hizi nikimwona anamenya viazi ninanyamaza, kama ninavyonyamaza kanisani.

Sasa nikuambie ukweli. Sufuria ile niliiunguza mimi. Ilikuwa Jumatano, siku ambayo mchana hatuna shule. Nilibandika maharage, Nkambo akajilaza kidogo, rafiki yangu Roos akapiga simu, nikasahau. Moshi ulipojaa, jirani yetu Madame Renée aligonga mlango, na Maman akaingia nyuma yake, akitoka kazini. Hakuniuliza mimi. Alimtazama Nkambo. Kabla sijafungua mdomo, Nkambo akamwambia Maman, "Alphonsine, ni mimi." Nami nikanyamaza. Ni wiki tatu sasa.

Baadaye nilimwuliza kwa nini. Alisema moto wa nyumba ni wa mwanamke mkubwa wa nyumba. Akilala, kosa ni lake, hata kama aliyeuwasha ni mtoto. Nikamwambia kwamba watampeleka Uccle kwa sababu hiyo. Akasema kuhama amezoea. Akauliza tu kama kule wanamruhusu mtu kupika.

Papa, ninaamini utamwandikia Maman kwamba Nkambo abaki nasi. Nisalimie Tonton Kazadi na majirani wote wa kambi. Nkambo anakubariki, na anakuambia uvae koti wakati wa mvua.

Bahasha sijaifunga. Maman akirudi jioni hii nitampa barua aisome kwanza, halafu aipeleke posta yeye mwenyewe. Kwa hiyo ikikufikia, ujue ameshajua.

Binti yako akupendaye,
Jémima