Tata, Nimeiona Pikipiki Yako Nyakunguru

Tata,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila salamu utanigeuzia mgongo hata huko uliko.

Nimeiona pikipiki yako. Ile ile nyekundu ya serikali, uliyozunguka nayo miaka yote ya ubwana mifugo. Ile waliyoipiga mnada ulipostaafu, ukarudi nyumbani kwa miguu, helmeti mkononi. Mimi nilijua imeshayeyushwa ikawa masufuria. Kumbe wapi! Iko Nyakunguru, kwa mchimbaji mmoja anaitwa Chacha, inabeba viroba vya mawe kutoka mashimoni kwenda kwenye krasha ya kuyasaga. Nilikuwa nimeitwa kutibu mbuzi wake, nikaikuta imeegemezwa ukutani, vumbi jeupe mpaka kwenye taa. Tata, nakuapia, nilisahau hata mbuzi.

Sikuitambua kwa rangi, maana rangi imebaki kidogo tu. Niliitambua kwa lile bonde la kwenye tangi, pale fahali wa Ringwani alipoipiga pembe kwa hasira ya sindano. Ulipokuwa unanipakia mbele nikiwa mdogo, mkono wangu ulikaa humo humo, nikashikilia mpaka tufike. Nimeuweka tena. Siku hizi hauingii wote, ila vidole vilijua mahali pao. Chacha akaniuliza, "Dada, vipi, unaumwa?" Nikamwambia ni vumbi.

Ngoja kwanza nikupe habari za huku, usije ukasema nakimbilia mambo yangu. Mama ni mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Kaka Mwita amepaua nyumba kwa bati na mdomo wake uko palepale. Mimi nilimaliza chuo cha mifugo, ajira sijapata, nimepanga chumba Mugumu na ninatibu kwa wanaoniita. Wanaoniita ni wa barabarani. Kule juu Ringwani bodaboda hawapendi kunipeleka, wanasema mawe yanawavunjia spoku, na kwa miguu na boksi la dawa begani nafika nimechoka hata sindano siioni. Basi watu wa kule wanauguza ng'ombe kwa kubahatisha. Hilo linaniuma, maana ndiko ulikonifundishia kazi.

Sasa sikiliza. Chacha hataki hela. Kijana wake anaoa, amebakiza ng'ombe mmoja wa mahari, anamtaka jike mwenye mimba. Na mimi ng'ombe nina mmoja tu duniani, ana mimba, na unamjua. Madoa.

Sitasahau siku uliyonipa. Ulikaa kitandani umeegemea ukuta, ukaita wazee wa ukoo, ukasema mbele yao, "Madoa ni wa Ghati, asiguswe." Wazee wakaguna. Kwetu binti hapewi ng'ombe, binti ndiye anayeleta ng'ombe! Mmoja akakuuliza kama homa imepanda kichwani. Ukamjibu kwa Kikurya jibu ambalo siwezi kuliandika hapa, Mama anaweza kuisoma hii. Kwa hiyo Madoa kwangu si ng'ombe tu. Ni wewe ukisema mbele za watu kwamba mimi ni mtoto wako kama Mwita. Nimtoe, niende nikachukue chuma kilichochoka?

Mwita nilipomwambia alicheka mpaka akakaa chini. "Ng'ombe anazaa. Hicho chuma kitazaa nini? Kutu!" Akasema kama nataka pikipiki nikakope bodaboda mpya, spea zake ziko kila duka, ile ya mzee ikifa pistoni nitaitafuta wapi, makumbusho? Na ubaya wake ni kwamba alikuwa anasema kweli. Mama nilipomuuliza akasema, "Ng'ombe ni wako." Basi. Akarudi kwenye mboga zake. Tata, mke wako huyu!

Nikarudi Nyakunguru kuijaribu, nikiwa nimeshaamua moyoni kwamba nitaiendesha mara moja, niage, niachane nayo. Chacha akasema nikaijaribu mpaka nitosheke, nimwachie simu yangu tu kama dhamana. Akapiga kiki, wapi. Akapiga tena, akatukana. Nikamwambia hebu nipishe. Nikailaza ubavu kama ulivyokuwa unafanya, petroli ikadondoka tone, nikaisimamisha, nikapiga.

Jamani ule mlio! Mbuzi wote walikimbia. Moshi ukafunika uwanja, na mimi katikati nacheka na machozi yananitoka. Hizi za siku hizi zinanung'unika tu, hii yako inapasua hewa. Nilikuwa nimesahau kwamba mwili unaweza kukumbuka mlio.

Nikavuka daraja la Mto Mara, nikapanda kwenye yale mawe yanayotisha bodaboda. Tata, hiyo pikipiki haijui kuzeeka! Inaruka jiwe, inatua, inaomba lingine. Nilikuwa nadhani ni wewe uliyekuwa hodari. Samahani, nusu ilikuwa pikipiki. Nilipofika juu kabisa, pale unapoona nchi yote inashuka mpaka mbugani, mvua inanyesha upande mmoja na jua linawaka upande mwingine, nilisimama. Nilijiona mdogo kama siku zile za kukaa kwenye tangi. Na kwa furaha, sikufikiri, Mungu ni shahidi yangu sikufikiri hata kidogo, mkono ukapiga resi. Mbili fupi, moja ndefu.

Ile alama yako. Ile uliyokuwa unapiga palepale juu, ili watu wa chini waanze kuleta ng'ombe kwenye kibanio cha kuwachomea sindano kabla hujafika.

Nikateremka polepole, bado sijagundua nimefanya nini. Kwanza niliona ng'ombe wachache wakitoka kwenye njia ya mtamani. Nikasema wanaenda majini. Halafu wengine kutoka nyuma ya shule. Halafu mama mmoja anakimbia na ndama, kanga inaburuta, mzee anapiga miluzi, ng'ombe wanashuka kutoka kila upande, wote wanaelekea pale pale, kwenye kibanio chako cha magogo. Nusu kimeoza, Tata. Na watu walikuwa tayari wanakifunga kwa kamba.

Nilizima pikipiki. Sijui nikuelezeje. Umekuwa kaburini masika ya pili sasa, na kabla ya hapo ulishastaafu, na watu waliacha jembe shambani na chungu motoni kwa sababu wamesikia mlio wako. Hakuna aliyejiuliza. Hakuna aliyesema mbona bwana mifugo alishafariki, na wengine walikuja msibani, niliwaona kwa macho yangu. Mlio uliita, wakaitika.

Bibi Robi ndiye aliyenifikia kwanza. Macho yake hayaoni tena vizuri. Akapapasa tangi, akapapasa bonde, akasema, "Umekawia, bwana mifugo."

Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Si yeye. Yeye alishatutoka. Mimi ni Ghati, binti yake."

Nilidhani atalia, au atanigombeza kwa kuwasumbua watu bure. "Marahaba," akasema. Kisha akavuta kamba, akanisogezea ndama wake. "Basi anza na huyu."

Anza na huyu! Nami nikaanza, ningefanyaje? Nilikuwa na mfuko wangu mdogo wa kazi. Nilishika chini ya sikio la ndama kama ulivyonifundisha, nikakuta tezi imevimba, joto limepanda. Ndigana kali, na ilikuwa bado mapema. Nilimchoma dawa niliyokuwa nayo. Wengine niliwaangalia macho, fizi, kwato, nikawaambia nitarudi na dawa za kutosha. Mzee mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo hiyo?" akiionyesha pikipiki kwa fimbo. Nikasema, "Kwa hiyo hiyo." Nikasikia mdomo wangu mwenyewe umeamua.

Kwa hiyo Madoa ameolewa Nyakunguru, Tata. Nilimpeleka mwenyewe, nikamwambia Chacha jina lake, nikamkanya asilibadilishe. Nililia njiani kwenda. Kurudi sikulia, kurudi nilikuwa nashindana na mawe. Usiniwazie vibaya. Ulinipa ng'ombe ili watu wajue mimi ni wako. Siku ile kibanioni hakuna aliyeniuliza mimi ni wa nani.

Mwita ameiona, ameizunguka, ameipiga teke kwenye tairi, akasema kutu. Kesho yake nimemkuta anaisugua kwa mchanga na mafuta, ananiambia nisimwangalie.

Lakini nilitaka nikuambie la mwisho. Jioni ile nilipoileta nyumbani Busawe, niliisukuma imezimwa mpaka kaburini kwako, nikaiwasha hapo. Ulikuwa wewe na mimi tu. Nikapiga mbili fupi, moja ndefu, kama ulivyokuwa unapiga pale getini ukirudi kutoka kazini. Nilipogeuka, moshi ulikuwa unatoka jikoni. Mama alikuwa ameinjika maji ya ugali. Sufuria kubwa, Tata, lile lako. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, ananitazama. Kisha akaingia, akaongeza unga. Tulikula ugali ule wote, mimi, yeye na Mwita, na haukubaki.

Sasa pumzika. Nakuahidi Ringwani haitakaa tena bila mtu wa kuwashika ng'ombe wake, na pistoni ikifa nitaitafuta hata Sirari mpakani, hata ng'ambo ya pili. Kesho napanda kule alfajiri. Nikifika juu nitapiga resi zako. Ukisikia, usihangaike kuamka. Ni mimi.

Mtoto wako,
Ghati