Nilipowapungia Mkono Kutoka Angani

Keko, Jumapili

Mjukuu wangu Salha,

Marahaba. Sie hapa wazima, ila mjomba wako Hamisi anapiga randa tangu asubuhi, na vumbi la mbao limeingia mpaka kwenye chai yangu.

Umeniuliza, nilipokuwa rubani wa helikopta, mwanamke wa kwanza pale kazini, niliogopa nini. Niliogopa kuuliza. Wenzangu wangesema walijua tu sitaweza.

Mara ya kwanza kupewa safari ndefu, niliruka peke yangu kupeleka dawa Songea. Mawingu yakanitoa njiani, nikapotea. Chini nikaona kijiji, watu wanarusharusha mikono. Aibu ikanizuia kutua. Nikazunguka mara tatu nikitafuta mto ulioko kwenye ramani, na kila nikipita nawapungia kama mgeni rasmi, huku mafuta yanapungua.

Mwisho nikatua kwenye uwanja wao wa mpira. Akaja bibi mmoja, ameikamata kanga yake isipeperuke.

“Shikamoo bibi. Songea ni upande gani?”

Akanitazama kwa huruma. “Marahaba, mwanangu. Ulipopita mara ya kwanza tu tulijua umepotea. Muda wote tunakuonyesha njia, na wewe unatupungia!”

Nacheka mpaka leo.

Sasa umeandika kwamba huko chuoni, mwalimu akieleza jambo usilolielewa, unatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Hapo nimekutambua, wewe ni damu yangu kabisa.

Tua uulize, mama.

Bibi yako,
Mwanaidi