Ubao Niliounoa Bila Kuulizwa

Karama, Dubai
Ijumaa, baada ya sala

Zuhura mwanangu,

Kwanza wewe. Goti limekaaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaipaka, au umeiweka kabatini uitazame? Nakujua. Mumeo bado anakohoa? Mwambie sigara si chakula. Mimi mzima, meno yamebaki ya kutosha. Kwa madam bado napika na kupiga pasi, na kila Ijumaa nakuja hapa kwa binti yako tunakula pamoja. Leo anayeandika ni Salama mwenyewe, maana mimi na kalamu hatujawahi kujuana. Nimemwapisha aandike kila neno linalonitoka, asipunguze, asinitengenezee.

Barua hii yeye ndiye aliyeitaka. Anataka nikwambie kwamba mkataba wake ukiisha hatii saini mwingine, anarudi Tanga, kazi imemshinda. Haya, nimekwambia. Sasa nikwambie ukweli, maana huo si ukweli. Andika, Salama. Usinitazame.

Kazi yake hujaielewa, hata mimi ilinichukua mwaka mzima. Humu Dubai, na jua hili la kukaanga yai, kuna jumba wamelitia baridi wakatengeneza theluji ndani. Watu wanapanda kilima, wanasimama juu ya ubao, wanateleza mpaka chini, halafu wanapanda tena. Nilimuuliza Salama, "Wamesahau nini huko juu?" Alicheka mpaka akakaa chini.

Yeye anatayarisha hizo mbao. Anayeyusha nta kwa pasi, anaitandaza chini ya ubao, inapoa, kisha anaipara yote kama mtu anayepara samaki. Mara ya kwanza nilimgombeza. "Umeitia, sasa unaitoa, una wazimu?" Akanijibu, "Bibi, inayofanya kazi ni iliyoingia ndani. Ya juu inakwamisha tu." Na nta si moja. Asubuhi theluji imetoka kwenye mashine, kavu, ya chenga kama chumvi ya mawe, hiyo inataka nta ngumu. Mchana watu wamejaa, inalowa, inanata kama ugali usioiva, hiyo inataka laini. Na mahali palipopitwa sana panakuwa kioo. Hapo ule ukingo wa chuma ulio pembeni mwa ubao usipokuwa na makali, mtu anakwenda kama sabuni sakafuni. Salama anaingia mwenyewe, anachota theluji, anaifinya, anatazama kipimo cha baridi, ndipo anachagua. Fundi mkuu wao, Mnepali mmoja asiyecheka, alisema mbele ya watu kwamba msichana huyu ana mikono. Alikuwa karibu kumpa meza yake mwenyewe.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Wiki tatu nyuma walikuwa na mashindano mle ndani. Mteja mmoja, mwanamke, alisema ubao wake autayarishe Salama, si mwingine. Karakana ilijaa, fundi mkuu akamruhusu aje nao nyumbani amalizie makali, aurudishe Ijumaa mchana. Mimi nilipofika Ijumaa ile, ubao ulikuwa umelazwa kitandani kama bibi harusi, Salama yuko bafuni. Njeri, Mkenya anayeishi naye chumba kimoja, yule mlinzi wa kule Marina, alikuwa anafunga viatu vya kazi. Kwao bibi ni shosho. Akaniambia, "Shosho, usiguse hiyo kitu. Mimi nimekatazwa hata kupumua karibu nayo." Akaondoka.

Nikagusa.

Unanijua. Nyumba ngapi pale mtaani zimeniletea mbuzi zao za kukunia nazi nizinoe meno? Visu, mapanga, mundu wa marehemu baba yako, vyote vimepita mikononi mwangu. Nikapitisha kidole gumba kwenye ule ukingo. Katikati, makali safi, nikafurahi. Nikaja mbele, pale ubao unapopinda, butu. Nyuma, butu. Nikasema moyoni, mtoto kachoka, kasahau, atakwenda kuaibika mbele ya Mnepali. Tupa yake ilikuwa pale pale. Nikanoa mbele na nyuma, pande zote mbili, taratibu, kama mama yangu alivyonifundisha. Salama alipotoka bafuni nilikuwa nimeshafuta unga wa chuma kwa upindo wa kanga, nimekaa namenya viazi. Akautia ubao kwenye mfuko wake wa kubebea, akaenda zake. Sikusema kitu. Nilitaka asifiwe tu.

Kumbe pale panafanywa butu kwa makusudi. Ncha ikiwa na makali, mtu akianza kugeuka inauma theluji kabla mwenyewe hajawa tayari, inamtupa. Yule mwanamke alitupwa kona ya pili. Akavunjika kifundo cha mkono.

Fundi mkuu akapitisha kidole. "Hapa ulipafanya butu?" Salama akasema, "Nilipafanya." "Gusa." Akagusa, akakuta makali. Akaomba radhi kwa kosa ambalo si lake, wakamtoa kwenye mbao wakampeleka dirisha la viatu. Sasa kutwa anapokea viatu vilivyolowa jasho la watu. Ijumaa iliyofuata alinihadithia yote, akakunja vidole vyake hivi, akasema, "Bibi, nakumbuka kabisa nilipafanya butu. Mikono yangu inanidanganya." Mimi nilikuwa nampakulia pilau. Nikamwambia, "Kula, mwanangu." Hilo ndilo nililomwambia, Zuhura. Kula.

Ijumaa ya pili nilikuja na maneno mdomoni tangu kituo cha metro. Nilipofika nikayameza. Niliogopa. Mimi, niliyemtoa shemeji yangu nyumbani kwa mwiko! Niliogopa mjukuu wangu asiniite tena Bibi kwa ile sauti yake. Nikaona afadhali ajidhanie mzembe yeye. Kunoa nilinoa kwa kutojua. Kunyamaza nilijua. Hiyo ndiyo inayoninyima raha, mwanangu, naijutia hata nikiwa nakanda unga wa watu.

Hapo juu palipobaki wazi ndipo alipoweka kalamu chini. Alinitazama sana. "Wiki tatu, Bibi? Wiki tatu unaniona nalia juu ya sahani yako?"

"Ndiyo."

"Na ungeniacha nirudi Tanga?"

Nikamwambia, "Leo nilikuja kusema. Nimeshindwa kukwambia usoni, ndiyo nimemwambia mama yako."

Akaenda nyuma ya mlango anakoweka ubao wake mkuukuu wa kujifunzia, akakaa nao sakafuni, amenipa mgongo. Akapitisha kidole gumba. Mbele. Nyuma. Akarudia. Nikamsikia anasema, si kwangu, ni kwa ule ubao, "Nilipafanya. Nilijua nilipafanya." Ndipo akalia. Nikanyoosha mkono, akausukuma. Ana haki. Baadaye akanawa uso, akashika kalamu, akaniambia, "Endelea. Uliniapisha."

Basi naendelea. Jumapili nimeomba ruhusa kwa madam, nakwenda mwenyewe kwa yule Mnepali. Salama hanisindikizi. Amesema kama niliijua njia ya tupa, na ya metro nitaijua. Sawa. Nilitaka kuichukua tupa iwe ushahidi, na huku anaandika ananiambia walinzi watanikamata mlangoni, niache vituko. Nitakwenda mikono mitupu. Nitamwambia, aliyenoa ni mimi, huyu mtoto hakukosea hata chembe, mrudishie kazi yake ya mbao. Asipotaka, nitakaa mle barafuni na kanga zangu mpaka atake. Na yule mwanamke nitamtafuta. Mfupa wake uko juu yangu mimi, si juu ya mwanao.

Kuhusu kurudi, mwenyewe anasema hajui, tuone Jumapili. Usimtandikie kitanda bado.

Nisalimie mumeo, pamoja na kikohozi chake. Nisalimie dada yangu wa nyumba ya uani, mwambie namwota akinigombeza. Kaka yako fundi cherehani mwambie nguo ya Idi ilinikaa vizuri, kwapani tu inabana. Na jirani yetu muuza maandazi mwambie ile mbuzi yangu ya nazi aliyoazima ni yake sasa. Mimi tupa nimeacha.

Nisamehe, Zuhura. Uliniamini na mtoto nami nikamfanya asijiamini. Jina langu siwezi kuliandika, kwa hiyo hapa chini ni kidole changu gumba, kile kile. Salama anakipaka wino sasa hivi, na anakikandamiza kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Mwache akandamize. Tangu nimwambie hakutaka nimguse, na sasa amenishika mkono.

Mama yako